Besi ya "My Girl" isipotee: mwongozo kamili wa kuhamisha santuri kwenda kwenye kompyuta

Ujumbe ninaopokea unafanana mno. Mtu amerithi Greatest Hits ya kundi la The Temptations, ile ya mwaka 1966 yenye nembo ya Gordy, tawi la kampuni ya Motown. Ameunganisha mashine na kompyuta, amerekodi, na kilichotoka ni sauti kavu kama ya redio iliyokwisha betri. Au kuna muungurumo chini ya kila wimbo. Au mwimbaji David Ruffin anaimba kama mtu aliyetoka kulala. Kisha linafuata swali: santuri imeharibika?

Mara nyingi haijaharibika. Kosa liko kwenye waya, kwenye umeme au kwenye kitufe kimoja cha programu.

Nimeichagua santuri hii kwa makusudi. Ina nyimbo 12, sita kila upande, nyingi zikiwa chini ya dakika 3, kwa hiyo ukikosea unarudia upande mzima kwa robo saa na kidogo tu. Tena ina mkaguzi ndani yake: "My Girl", wimbo wa pili upande wa kwanza. Unaanza na gitaa la besi la James Jamerson peke yake. Vinafuata vidole vinavyopigwa, kisha gitaa la Robert White linapanda ngazi taratibu, ndipo Ruffin anaingia. Sekunde hizo chache za mwanzo zitakuambia karibu kila kosa ulilofanya. Tutazirudia mara nyingi, kwa hiyo usizichoke mapema.

## Vifaa

Mashine ya santuri yenye mkono unaoweza kurekebishwa uzito. Zile za sanduku zenye spika ndani, zinazouzwa kama pambo, nyingi hazirekebishiki na hukandamiza sindano kupita kiasi. Kwa santuri ya urithi, azima nyingine.

Sindano nzima. Kama hujui imetumika miaka mingapi, nunua mpya. Sindano iliyochakaa hukwangua mfereji, na mfereji haurudi.

Priampu ya santuri, yaani kikuza sauti hafifu ya sindano. Hiki ndicho kidude ambacho karibu kila anayeshindwa hana. Mashine nyingi mpya zinacho ndani, na amplifaya za zamani zenye tundu zilizoandikwa "PHONO" zinacho pia.

Kadi ya sauti ya nje ya USB yenye tundu mbili za kuingizia, nyekundu na nyeupe. Usinunue kile kidude kidogo cha bei ya chini chenye tundu la maiki tu: kinapokea chaneli moja, na nusu ya santuri ya stereo inabaki nje.

Kompyuta mpakato yenye betri inayokaa angalau saa moja, ikiwa na Audacity, programu ya kurekodi sauti ambayo ni bure. Tenga nafasi ya GB 2.

Hedifoni za kufunika masikio. Spika za kompyuta hazitoi besi, na besi ndiyo tunayoikagua.

Maji yaliyotoneshwa, sabuni ya vyombo tone moja, vitambaa viwili laini visivyoacha nyuzi. Maji hayo hupatikana kwenye vituo vya mafuta, yale ya kuongezea kwenye betri ya gari. Soma chupa mara mbili: unataka maji, si asidi.

## Hatua ya 1: Jua una nakala gani

Santuri hii ilitoka kwa mono (sauti moja kwa spika zote) na kwa stereo (kushoto na kulia tofauti). Tazama jalada na duara la karatasi katikati. Kwenye nakala za Marekani, herufi S iliyotangulia namba 919 inamaanisha stereo. Za Uingereza zina nembo ya Tamla Motown na namba zake ni nyingine, lakini jalada litasema.

Kwa nini uhangaike? Kwa sababu nakala ya mono ina zawadi utakayoichukua kwenye hatua ya 8, na kuitumia zawadi hiyo kwa nakala ya stereo ni kuharibu kazi. Andika kwenye karatasi sasa hivi.

## Hatua ya 2: Osha

Hapa pwani adui si vumbi pekee. Unyevu unaingia kabatini, karatasi ya jalada inaunyonya, na kuvu inaota kwenye mifereji kama madoa ya kijivu. Kuvu imefanya kazi ambayo marufuku ya muziki wa soul, muziki wa kina Temptations, ya Dar es Salaam ya mwaka 1969 haikuweza.

1. Changanya tone moja la sabuni kwenye nusu lita ya maji yaliyotoneshwa.
2. Lowesha kitambaa, kikamue, kisha futa kwa kuzungusha kufuata mifereji. Usifute kutoka katikati kwenda nje, kwani hapo unaburuta mchanga kukatisha mifereji.
3. Suuza kwa kitambaa cha pili chenye maji matupu. Sabuni iliyobaki huganda na kugeuka kelele.
4. Simamisha santuri ikauke kivulini kwa saa moja au zaidi.

Duara la karatasi lisiguse maji. Spiriti ya dukani usiitumie, na maji ya bomba yaache: chumvi yake hubaki mfereji ukikauka.

Umefaulu ukiinamisha santuri mbele ya taa na mwanga ukateleza juu yake bila madoa wala michirizi. Mikwaruzo itabaki, hiyo si uchafu.

## Hatua ya 3: Tega mashine, kisha pima kasi

Weka mashine juu ya meza nzito, mbali na spika. Spika ikiwa meza moja na mashine, mtikisiko wake unarudi kwenye sindano, na utarekodi mngurumo unaojilisha wenyewe.

Rekebisha uzito wa nyuma ya mkono kulingana na karatasi ya sindano yako. Nyingi hutaka kati ya gramu 1.5 na 2. Na hapa nisikilizwe vizuri: sarafu juu ya kichwa cha sindano, hapana. Najua wajomba zetu wote walifanya hivyo. Sarafu huzuia sindano kuruka kwa kuibana kwenye mfereji, na kila mchezo unakata kidogo ya sauti za juu. Kama sindano inaruka, kosa ni uchafu, meza isiyo sawa au uzito uliotegwa vibaya.

Sasa kasi, ambayo imewatesa wengi walioletewa mashine na ndugu kutoka Marekani.

Umeme wa Marekani ni volti 120 na hezi 60, yaani mizunguko 60 kwa sekunde. Wetu ni volti 230 au 240, na hezi 50. Transfoma unayonunua mjini inashusha volti, lakini hezi haizigusi. Mota za aina fulani, hasa kwenye mashine za zamani, hufuata hezi za umeme. Mashine hiyo ikiletwa huku, badala ya mizunguko 33⅓ kwa dakika itazunguka 27 na ushei. Muziki unashuka karibu nusu toni tatu, na Eddie Kendricks mwenye sauti nyembamba ya juu anaanza kukaribia himaya ya Melvin Franklin, mwimbaji wa besi wa kundi. Mashine zenye mota ya umeme wa DC, zile zinazotumia adapta ndogo, hazina shida hii.

Kupima hakuhitaji kifaa. Bandika kipande kidogo cha karatasi ukingoni mwa sahani inayozunguka, kisha hesabu mizunguko kwa saa ya simu. Dakika 3 kamili zinapaswa kutoa mizunguko 100. Ukipata kama 83, ni tatizo la hezi. Fundi anaweza kubadilisha kapi ya mota, ile inayoshika mkanda, kwa ya hezi 50. Usirekodi kwanza ukidhani utaongeza kasi ndani ya kompyuta. Programu inaweza, lakini kelele zote zinapanda nazo na hukumu ya masikio yako inapotea.

## Hatua ya 4: Waya, na kwa nini besi hupotea

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo twende taratibu.

Santuri ilipokatwa, besi ilipunguzwa makusudi na sauti za juu zikaongezwa. Besi ikiachwa ilivyo, mfereji ungeyumba mno na nyimbo sita zisingeenea upande mmoja. Na sauti za juu zikiongezwa, hushinda msukosuko wa sindano. Kanuni inayosema zipunguzwe na kuongezwa kiasi gani inaitwa RIAA, na viwanda vya Marekani viliikubali mwaka 1954. Kazi ya priampu ni kugeuza hesabu hiyo: irudishe besi, ishushe sauti za juu, na papo hapo ikuze umeme wa sindano, ambao ni milivolti chache tu.

Ukiiruka priampu ukachomeka mashine moja kwa moja kwenye tundu la maiki la kompyuta, unasikia santuri kama ilivyokatwa: hafifu, kali, haina tumbo. Ukiweka mbili, yaani ya ndani ya mashine na ya nje pia, unapata kinyume chake, besi inayofukuta na sauti iliyopasuka.

Kwa hiyo:

1. Tafuta nyuma ya mashine swichi yenye maneno "PHONO" na "LINE". Ikiwepo, priampu iko ndani.
2. Ukitumia ya ndani, weka "LINE" na upeleke waya moja kwa moja kwenye kadi ya sauti.
3. Ukitumia ya nje, weka "PHONO", peleka waya kwenye priampu, kisha kutoka priampu kwenda kwenye kadi ya sauti.
4. Unatumia amplifaya ya zamani? Mashine iingie kwenye tundu za "PHONO", na waya wa kwenda kwenye kadi utoke kwenye tundu za kurekodia kanda. Kamwe usitoe kwenye waya za spika. Umeme wake utaunguza kadi.
5. Ule waya mwembamba wenye kikonyo cha chuma, unaoning'inia bila kazi, ni wa ardhi. Ufunge kwenye skrubu ya priampu au amplifaya. Ukiuacha, utapata muungurumo wa hezi 50.

Chomoa chaja ya kompyuta. Chaja na amplifaya zikiwa kwenye umeme mmoja mara nyingi hutengeneza muungurumo wao wenyewe, na ukiwa kwenye betri unaondoka. Simu nayo iweke chumba kingine: ikitafuta mtandao karibu na waya za santuri, unasikia ile "ti-ti-ti, ti-ti-ti" ndani ya rekodi.

Mkaguzi: vaa hedifoni, piga mwanzo wa "My Girl". Besi iwe nene na ya mviringo, unaweza kuifuata noti kwa noti kwa mdomo. Ukisikia vidole vizuri kuliko besi, huna priampu. Ukisikia muungurumo chini ya besi, rudi kwenye waya wa ardhi.

## Hatua ya 5: Iambie programu isikilize wapi

Fungua Audacity. Kwenye orodha ya vifaa vya kurekodia chagua kadi yako ya USB, chaneli mbili. Kwenye mipangilio ya sauti ya kompyuta zima kila kinachodai kuboresha maiki au kupunguza kelele. Programu hizo zimefunzwa kutafuta maongezi, na kwao fidla za Motown ni kelele.

Sasa anza kurekodi, na kwa kidole gonga kasha la kompyuta. Ukiona wimbi linaruka kwenye skrini, unarekodi kwa maiki ya ndani ya kompyuta, yaani unarekodi chumba. Nilifanya hivyo mara ya kwanza, upande mzima, na sikugundua mpaka usiku. Ninayo bado nakala hiyo: kwenye "Don't Look Back", Paul Williams anaimba na jogoo wa jirani anaitikia. Wanangu wanaipenda kuliko ile nzuri.

## Hatua ya 6: Kiwango cha sauti

Kwenye Audacity weka kiwango cha sampuli hezi 44,100 na biti 24. Piga vipande vya nyimbo zenye kelele zaidi, kama "Get Ready" na "Ain't Too Proud to Beg", huku ukitazama mita. Vilele viguse karibu na desibeli −6, visifike 0. Rekebisha kwa kitufe cha kadi ya sauti.

Mtu husema mbona ndogo. Ndogo inaongezwa baadaye bila hasara. Iliyogonga 0 imekatwa kichwa, na hakuna programu inayokirudisha kichwa hicho sawasawa.

## Hatua ya 7: Rekodi upande mzima kwa mkupuo

Bonyeza kurekodi kwanza, ndipo ushushe sindano. Usisimamishe kati ya nyimbo. Nyimbo hizi nyingi huisha kwa kufifia, na ukikimbilia kitufe unakata mkia. Tena ule ukimya kati ya nyimbo una kazi baadaye.

Usitembee karibu na meza. Kwenye sakafu ya mbao, hata mtoto anayekimbia sebuleni anaandikwa.

Upande ukiisha, inua sindano, ndipo usimamishe. Hifadhi papo hapo faili mbichi ya WAV kwa jina kama "Temptations upande 1 mbichi". Itachukua karibu MB 16 kwa kila dakika. Faili hii haiguswi tena. Kazi yote inayofuata ifanyie kwenye nakala yake. Kisha geuza santuri, futa sindano kwa brashi kutoka nyuma kwenda mbele, rekodi upande wa pili.

## Hatua ya 8: Safisha, lakini kwa uchoyo

Makosa ya hatua hii ni ya kuzidisha.

Nakala ya mono: chukua zawadi yako. Iambie programu iunganishe chaneli mbili kuwa moja. Muziki wa mono umekatwa sawa pande zote mbili za mfereji, lakini sehemu kubwa ya vumbi na mikwaruzo haiko sawa, kwa hiyo vikijumlishwa kelele inapungua na Ruffin anabaki palepale. Kwa nakala ya stereo acha, maana utavuruga mizani waliyoiweka studio.

Kata mtikisiko wa mota kwa kichujio kinachoondoa kila kilicho chini ya hezi 25 hivi. Besi ya Jamerson iko juu ya hapo.

Kwa mipasuko mikubwa, kuza wimbi, tafuta mmoja mmoja, rekebisha kwa mkono. Ni kazi ya kushona, lakini mipasuko kumi ya upande mmoja haimalizi nusu saa. Kuna kitufe cha kuondoa mipasuko yote kwa pamoja. Kitumie kwa tahadhari, kwani hakijui tofauti ya mkwaruzo na vidole vya "My Girl". Vyote ni vilele vifupi.

Kupunguza mvumo wa nyuma ndiko kunakoua rekodi nyingi ninazotumiwa. Ukilazimika, chukua sampuli kutoka ule ukimya kati ya nyimbo, punguza desibeli 6, basi. Kisha chagua usikilize mabaki, yaani kile kinachoondolewa. Ukisikia hata kivuli cha sauti ya mtu ndani ya mabaki, umekula muziki. Rudi nyuma.

Mkaguzi: linganisha mwanzo wa "My Girl" na ile faili mbichi. Vidole viwe vikali vilevile. Vikisikika kama vimevaa glovu, futa ulichofanya.

## Hatua ya 9: Kata na utaje majina

Usitumie mgawanyo wa kutafuta ukimya peke yake. Ukimya wa santuri una mvumo, kwa hiyo programu haiuoni; na kufifia kwa mwisho hukatwa kabla ya wakati. Weka alama kwa mkono, robo sekunde hivi kabla ya noti ya kwanza. Kwa "My Girl" kuza wimbi vizuri, kwani besi huanza kwa upole, na wengi huweka alama kwenye gitaa wakidhani ndipo wimbo unapoanza.

Mpangilio ni huu:

Upande 1: 01 The Way You Do the Things You Do, 02 My Girl, 03 Ain't Too Proud to Beg, 04 Don't Look Back, 05 Get Ready, 06 Beauty Is Only Skin Deep.

Upande 2: 07 Since I Lost My Baby, 08 The Girl's Alright with Me, 09 My Baby, 10 It's Growing, 11 I'll Be in Trouble, 12 Girl (Why You Wanna Make Me Blue).

Anza namba kwa sifuri, la sivyo simu itapiga wa 1, wa 10, wa 11, wa 12, ndipo wa 2. Usiruhusu programu ijaze majina kutoka intaneti bila kukagua: nyimbo hizi zimo pia kwenye mikusanyo mingine ya kundi hili, kama Anthology ya mwaka 1973, na utajikuta na albamu moja iliyotawanyika kwenye folda nne. Mwaka wa albamu andika 1966 kwa zote, hata kama "My Girl" ilitoka kama santuri ndogo mwishoni mwa 1964.

## Hatua ya 10: Hifadhi

Toa seti mbili. FLAC ni ya kabati: inabana ukubwa bila kutupa chochote. MP3 ya kilobiti 320 ni ya gari na simu. Faili mbichi na FLAC ziwe mahali pawili tofauti, na flashi moja haihesabiki kuwa mahali. Hii ni nakala ya nyumbani kwako; kuipandisha mtandaoni au kuiuza ni jambo jingine, haki za nyimbo zina wenyewe.

Piga MP3 ya "My Girl" kwenye redio ya gari, mara moja ya mwisho. Besi, vidole, gitaa linapanda. Vikifuatana hivyo bila muungurumo chini yake, rudisha santuri kwenye mfuko mpya wa ndani, isimamishe wima, mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni. Jalada la zamani likiwa na harufu ya kuvu, lianike kivulini siku moja kabla ya kurudisha chochote ndani yake.